Ukitaka kuokoa Ziwa Naivasha, anzia kwa shamba la waru Kinangop

Hebu nikuulize swali moja kabla hujaendelea na pilkapilka zako. Ile chipsi uliyokula jana mtaani, waru zake zilitoka wapi? Kama uko Nairobi, Thika au Nakuru, kuna uwezekano mkubwa zilitoka Nyandarua. Sasa swali la pili, na hili ndilo gumu: udongo uliozikuza hizo waru uko wapi leo?

Sehemu yake bado iko shambani. Sehemu nyingine iliondoka na mvua, ikaingia kwenye kijito, kijito kikamwaga maji katika Mto Turasha, Turasha ukaungana na Malewa, na Malewa ukautua mzigo wote ndani ya Ziwa Naivasha. Pamoja na huo udongo zilienda mbolea na dawa za kunyunyizia ambazo mkulima alinunua kwa bei inayouma.

Wengi wa rika letu tunaijua Naivasha kwa mambo mengine. Tunaijua kwa Safari Rally, kwa baiskeli za Hell's Gate, kwa samaki wa kukaanga na picha za kupiga ukiwa ndani ya boti huku viboko wako nyuma. Hakuna ubaya. Lakini kila tukisikia "tulinde ziwa", akili inakimbia ufuoni: plastiki, mashamba ya maua, hoteli. Ni kweli hayo yapo. Ila ukweli ambao hausemwi sana ni kwamba ziwa hili linaponea au linafia kule juu, kwenye miinuko ya Nyandarua, ambako watu wengi hata hawalioni.

Ziwa ambalo halina mlango wa kutokea

Naivasha ni ziwa la ajabu kidogo. Liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na mito inayoliletea maji ni mitatu: Malewa, Gilgil na Karati. Malewa pekee huleta zaidi ya robo tatu ya maji ya mito hiyo. Karati ni mto wa msimu. Ukienda wakati wa kiangazi unaweza kuuvuka bila kulowesha viatu.

Sasa sikiliza hii. Hakuna mto hata mmoja unaotoka ndani ya ziwa. Kwa kawaida ziwa la namna hiyo katika Bonde la Ufa huwa la magadi, kama Nakuru, Elmenteita na Bogoria. Maji yanakauka kwa jua, chumvi inabaki. Lakini maji ya Naivasha ni matamu, kwa sababu sehemu yake hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Ndiyo maana kuna samaki, ndiyo maana kuna mashamba, na ndiyo maana mji mzima umejengwa hapo.

Lakini kupenya chini ya ardhi ni njia ya maji na chumvi. Tope haliwezi kupita huko. Likishaingia, limeingia. Fosforasi ya mbolea nayo hujishika kwenye chembe za udongo na kukaa chini, ikingoja siku upepo utakapokoroga maji. Na upepo haukosekani: jina lenyewe Naivasha limetokana na neno la Kimaasai linalomaanisha maji yenye mawimbi.

Kwa hivyo ukilitazama ziwa kama sufuria isiyo na tundu la kumwagia, utaelewa kwa nini kinachoingia ni muhimu kuliko chochote kingine.

Mafunjo: figo ambazo tuling'oa

Zamani ufuo wa Naivasha ulizungukwa na ukanda mpana wa mafunjo, yale majani marefu yenye kichwa kama nywele za afro. Ukiyaona unaweza kudhani ni magugu tu yanayozuia boti. La. Mafunjo hufanya kazi inayofanana na ya figo mwilini. Maji ya mto yakipita katikati yake hupunguza mwendo, tope linatua, na mizizi inanyonya nitrojeni na fosforasi. Yanapofika ziwani yamechujwa. Tena bure, bila umeme, bila tenda ya serikali.

Ndani ya hayo mafunjo samaki hutaga mayai na ndege hujenga viota. Ukiyaondoa, umeondoa chujio na wodi ya kujifungulia kwa mpigo mmoja.

Yaliondokaje? Polepole, na kila mtu alikuwa na sababu yake. Ziwa hili lina tabia ya kupanda na kushuka kwa mita kadhaa, na limefanya hivyo tangu watu waanze kulipima. Likishuka, ardhi nyeusi yenye rutuba inabaki wazi. Mtu akiona ardhi kama hiyo, analima. Mwingine analeta ng'ombe. Mwingine anaweka ua na kusema ni yake. Maji yakirudi hayakuti mafunjo. Yanakuta shamba la sukuma wiki, choo cha shimo, au nyumba.

Kuna wageni pia waliochangia. Mwaka 1970 kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, Marekani, waliletwa ziwani kwa ajili ya biashara. Kamba hao walikula mimea ya chini ya maji hadi ikawa shida. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji likaonekana, na halijaondoka hadi leo. Linapenda sana maji yenye mbolea nyingi. Yaani sisi tunalilisha kutoka juu, halafu tunashangaa linavyonenepa.

Ile Februari ya samaki kuelea

Kama wewe ni wa umri wangu, mwaka 2010 ulikuwa bado shule ya msingi. Mwaka uliotangulia, 2009, kulikuwa na kiangazi kibaya sana. Ziwa lilirudi nyuma hadi watu wakaanza kuuliza kama litakauka kabisa. Halafu mvua ikaja, na Februari 2010 samaki wakaanza kuelea wakiwa wamekufa.

Lawama ziliruka kila upande. Wengine walinyooshea kidole mashamba ya maua, wengine serikali. Maelezo yaliyotolewa baadaye ni kwamba samaki walikosa oksijeni. Fikiria jinsi inavyotokea: kiangazi kimeacha vumbi, samadi, mbolea na taka za mji zikiwa zimerundikana kila mahali. Mvua ya kwanza kubwa inazoa vyote mara moja na kuvisukuma ndani ya ziwa ambalo limepungua. Vitu vinapooza, vinatumia oksijeni. Samaki anabaki anahema.

Kwa wavuvi hiyo haikuwa habari ya sayansi. Ilikuwa habari ya kodi ya nyumba na karo. Tayari walikuwa wamewahi kufungiwa ziwa, kwani mwaka 2001 uvuvi ulisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuongezeka. Ndipo aina nyingine ya samaki wa kigeni, karpu, akajitokeza na kuwa ndiye anayevuliwa zaidi. Karpu anavumilia maji machafu. Anakula akichimbachimba chini, na akichimba anakoroga tope. Kwa hiyo samaki aliyekuja kuwalisha watu ni yuleyule anayezidi kuchafua maji. Noma, sivyo?

Usikimbilie kumlaumu mtu mmoja

Hapa ndipo mjadala wetu wa mtandaoni huharibika. Kila mtu anataka adui mmoja. Wengi humchagua mwenye shamba la maua, na kweli maua hunywa maji. Lakini vivungulio vya Naivasha vimeajiri makumi ya maelfu ya watu, wengi wao vijana na akina mama waliotoka kaunti nyingine. Ukifunga mashamba yote kesho, hao watu hawatarudi kwao kimyakimya. Wengine watakata miti wachome makaa, wengine watalima ufuoni, wengine wataingia ziwani na nyavu zenye matundu madogo. Ziwa litaumia kwa njia nyingine.

Isitoshe, mji umekua kwa kasi. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 350,000 katika kaunti ndogo ya Naivasha. Mitaa kama Karagita, Kamere na Kwa Muhia ilijazwa na wafanyakazi waliokuja kutafuta riziki, na vyoo vingi huko ni vya shimo. Mvua ikinyesha, si lazima nikueleze kinachoenda wapi.

Halafu kuna maji yanayochukuliwa kabla hata hayajafika. Maji ya Turasha huvutwa kupelekewa wakazi wa Gilgil na Nakuru. Kwa hivyo ukioga Nakuru, nawe una hisa zako katika ziwa hili.

Na mkulima wa Kinangop? Huyo naye si mhalifu. Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi yaligawiwa watu. Baba alipata ekari kadhaa, akawagawia watoto, watoto wakawagawia wajukuu. Leo kijana ana robo ekari kwenye mteremko. Analima hadi ukingoni mwa mto kwa sababu hana pengine pa kulima. Analima akishuka badala ya kukata mteremko kwa sababu ndiyo njia rahisi kwa mwenye jembe. Anapanda mikaratusi kwenye kinamasi kwa sababu inakua haraka na inauzika kama nguzo. Mikaratusi hunywa maji kama ngamia aliyetoka safari. Ndiyo maana mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza iondolewe kandokando ya mito na kwenye ardhi oevu. Lakini agizo bila kitu mbadala ni kelele tu kwa mtu mwenye njaa.

Dili iliyofanya kazi

Sasa nikwambie kitu kinachonipa matumaini. Zaidi ya miaka 10 iliyopita, mashirika ya WWF na CARE yalikaa na wakulima wa sehemu za Wanjohi na Turasha, na vilevile watumiaji wa maji kule chini. Wazo lilikuwa rahisi kama biashara ya duka: aliye chini anataka maji safi, aliye juu anaweza kumpatia, basi wa chini amlipe wa juu.

Mkulima akipanda kanda za mabingobingo kukata mteremko, akiacha mimea ya asili ikue kandokando ya mto, akipanda miti ya matunda mahali penye mwinuko mkali na kupunguza dawa na mbolea, anapewa vocha. Kwa vocha hiyo anachukua pembejeo dukani. Pesa zilitoka kwa watumiaji wa maji walio karibu na ziwa, wakiwemo wenye mashamba ya maua.

Wengi hawakuibamba hii dili kwa sababu ya vocha pekee. Zile nyasi zilikuwa lishe ya ng'ombe, na ng'ombe akila vizuri maziwa yanaongezeka. Udongo ukibaki shambani, mbolea nayo inabaki. Mkulima akagundua kwamba kulilinda ziwa ambalo hajawahi kuogelea ndani yake kunamjazia debe lake la maziwa. Ukitaka watu walinde mazingira, hiyo ndiyo lugha ya kutumia. Mwambie mtu "okoa sayari" atakutazama tu. Mwambie "udongo wako ni pesa zako zinazoteremka mtoni" atachukua jembe.

Vyama vya watumiaji maji vilivyoendesha mpango huo bado vinatambuliwa na Sheria ya Maji ya 2016. Hivyo si vilabu vya wazee peke yao. Ni mahali ambapo watumiaji hushirikiana kusimamia maji na kusuluhisha migogoro ya nani avute maji, na lini. Nenda kwenye mkutano mmoja uhesabu vijana. Halafu uniambie kwa nini maamuzi yanafanywa bila sisi.

Maji yakirudi kudai ploti

Pengine unasema, "Lakini siku hizi ziwa limejaa, shida iko wapi?" Swali zuri. Tangu takriban 2010, maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda. Ripoti ya serikali ya 2021 ilihesabu zaidi ya familia 75,000 zilizoathiriwa katika kaunti 13, na ikataja mvua nyingi zinazohusishwa na mabadiliko ya tabianchi kuwa sababu kuu. Matumizi mabaya ya ardhi na tope linalojaza maziwa yalitajwa pia.

Ziwa kujaa si dalili ya afya. Sufuria ikijaa mchanga chini, maji kidogo tu yanamwagika. Wakazi wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, wanalijua hili vizuri. Maji yaliwafikia 2020, na mwishoni mwa 2025 watu waliondolewa nyumbani kwa boti. Hebu fikiria: umejinyima miaka, umenunua kiploti, umejenga vyumba viwili vya mabati, halafu asubuhi moja unakuta kiboko anakata nyasi karibu na dirisha lako.

Kwa hivyo nikija kwako kijana mwenzangu unayeweka akiba kwenye chama ili ununue ploti, nisikilize. Bei ya chini karibu na ziwa, mto au kinamasi si bahati. Ni onyo. Kabla ya kulipa chochote, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Halafu nenda pale mwenyewe wakati wa mvua, si Januari dalali anapokupeleka jua likiwaka. Tafuta mzee au mama aliyeishi hapo miaka mingi, umuulize: "Shikamoo mzee, maji yaliwahi kufika wapi?" Hilo swali moja linaweza kukuokolea akiba ya miaka mitano.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Sitaki uondoke hapa na huzuni peke yake. Yapo mambo ambayo mtu wa miaka yetu anaweza kufanya, na mengine yana pesa ndani.

Kama unalima, pima udongo kabla ya kununua mbolea. Wengi hutia kwa mazoea, kwa sababu jirani ametia. Mbolea ambayo mmea haukuihitaji ndiyo inayoenda kulisha gugu maji. Kata mteremko kwa matuta na nyasi. Ukingo wa mto uache. Sheria inataka nafasi ya kati ya mita 6 na 30 kutegemea upana wa mto.

Kama una kichwa cha biashara, mtazame Joseph Nguthiru. Akiwa mwanafunzi wa uhandisi Chuo Kikuu cha Egerton, yeye na wenzake walikwama ndani ya boti katikati ya gugu maji la Naivasha. Badala ya kuishia kulalamika, alianzisha kampuni ya HyaPak, inayogeuza gugu hilo kuwa vifungashio vinavyooza, pamoja na vifuko vya kuoteshea miche. Gugu likivunwa linatoka na ile fosforasi liliyonyonya. Ni kama kumrudishia mkulima mbolea yake iliyotoroka.

Kama kazi yako ni simu na kamera, basi tumia hivyo. Ukiona mtu anamwaga taka ziwani, au tingatinga linafukia kinamasi usiku, piga picha, andika mahali na saa, peleka ripoti kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, au kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Wakikupuuza, kumbuka Katiba. Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani kuitetea, na hulazimiki kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umepata hasara. Yaani huhitaji kuwa na ploti Naivasha ndipo uwe na sauti. Na usisahau kifungu cha 69, kwa sababu hicho kinakupa wajibu: kila mtu anapaswa kushirikiana na serikali kulinda mazingira.

Kuzungumza si bila hatari, hilo pia tuseme wazi. Joan Root, mpiga filamu za wanyamapori aliyepigana na uvuvi haramu katika ziwa hili, aliuawa nyumbani kwake Naivasha Januari 2006. Ndiyo maana ni heri kutembea kama kikundi, na kuacha maandishi kila mahali unapopiga ripoti.

Naivasha si peke yake

Ukipanda upande wa pili wa Nyandarua utakuta Ol Bolossat, ziwa la pekee la asili katika eneo la Kati. Hapo ndipo chimbuko la Mto Ewaso Narok, ule unaoanguka pale Thomson's Falls mjini Nyahururu. Ol Bolossat ni makao ya korongo taji, ndege mwenye kofia ya dhahabu ambaye tangu 2012 yuko kwenye orodha ya walio hatarini kuangamia. Mwaka 2018 ziwa hilo lilitangazwa rasmi kuwa ardhi oevu inayolindwa. Naivasha nayo iko chini ya Mkataba wa Ramsar tangu 1995.

Makaratasi tunayo, basi. Mikataba, sheria, vifungu, vyote viko. Lakini karatasi haishikilii udongo mvua inapopiga. Anayeushika ni yule kijana wa robo ekari kule Kinangop, aliyeamka asubuhi na kuamua kupanda mstari mmoja wa mabingobingo kukata mteremko wake.

Huyo kijana bado anahesabu kama inamlipa. Mvua za masika zitakuja na Malewa utashuka ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ukipita daraja lake, teremka dakika moja uuangalie. Rangi hiyo ndiyo ripoti ya kweli ya ziwa, na inaandikwa upya kila msimu.